Maisha ya Ernst May, Mchoraji wa Kololo na Naguru



Nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunapita katika kazi yake kila juma bila kulijua jina lake. Lakini kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonipeleka kwake.

Muhula uliopita sisi tunaosoma uchoraji wa majengo tulipewa kazi. Kila mwanafunzi alitakiwa kupima na kuchora kwa mkono nyumba mbili zilizo jirani na kwao, moja ya mtu mwenye nafasi na moja ya mpangaji wa kawaida. Kisha azipige picha ramani zake, aziingize katika kompyuta, na kuzilaza moja juu ya nyingine, ya kwanza kwa mistari myekundu na ya pili kwa mistari ya buluu, ili tofauti zote zionekane. Zamani kazi hii ilifanywa kwa karatasi nyembamba ipitishayo nuru, ikibandikwa juu ya kioo cha dirisha. Siku hizi programu za kuchorea nyumba, kama ArchiCAD, huifanya mara moja.

Basi nilipozilaza ramani zangu nilifurahi mno. Nyumba mbili zilikuwa zimelingana karibu ukuta kwa ukuta! Nikamwita mwalimu aje aone ajabu hiyo. Mwalimu alitazama kidogo tu, kisha akaweka kidole chake juu ya mlango. Mlango wa mpangaji ulikuwa mpana mara mbili kuliko mlango wa tajiri. Hapo nikaona aibu. Nyumba ya tajiri nilikuwa nimeichora kwa kipimo cha 1 kwa 100, na ya mpangaji kwa kipimo cha 1 kwa 50. Kwa hiyo nyumba ndogo ilivimba hadi ikawa sawa na kubwa. Kwa kweli urefu wake ulikuwa nusu, na eneo lake robo tu. Mlango ndio uliofichua uongo, kwa sababu mtu ni yule yule, apite penye mlango wa tajiri au wa maskini.

Mwalimu hakunikaripia. Alinituma maktaba nikatafute habari za Ernst May, nione jinsi mtu mwenye akili kubwa kuliko yangu alivyolijua jambo hili vizuri, na bado akalisahau. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ernst May alizaliwa tarehe 27 Julai, 1886, katika mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani. Alipokuwa kijana alisoma kazi ya majenzi huko kwao katika miji ya Darmstadt na München, na pia alikwenda London kwa masomo. Kati ya mwaka 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, aliyekuwa mmoja wa wasanifu waliosifiwa sana wakati ule. Unwin alikuwa akijenga Hampstead, nje kidogo ya London, kitongoji chenye nyumba za kiasi, bustani na barabara zinazozunguka taratibu.

Wakati huo miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa imejaa watu kupita kiasi. Wafanyakazi wa viwandani walilala wengi katika chumba kimoja, na madirisha yao yalitazama ua mwembamba usiopata jua. Unwin alifundisha kwamba mji usiachwe kutanuka ovyo kama mafuta yaliyomwagika. Afadhali ujengewe vitongoji kando yake, kila kimoja na shule yake na maduka yake, na kati ya mji na vitongoji paachwe mashamba na majani. Kijana May aliyashika mafundisho hayo, naye hakuyaacha maisha yake yote. Tutayakuta tena hapa kwetu Kampala.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, May alipewa kazi katika mji wa Breslau, ambao leo uko katika nchi ya Poland na huitwa Wrocław. Alikaa huko tangu 1919 hadi 1925, akijenga nyumba ndogo za watu wa mashambani. Fedha zilikuwa haba na watu wasio na makao walikuwa wengi. Kwa sababu hiyo May alianza kuchora nyumba za namna chache tu na kuzirudia, badala ya kuchora kila nyumba upya.

Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimwita nyumbani. Meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimpa usimamizi wa majenzi yote ya mji. Miaka mitano iliyofuata ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani. Chini ya uongozi wake zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000, katika vitongoji kama Praunheim na Römerstadt. Baadhi ya kuta zake zilikuwa mabamba makubwa ya zege yaliyotengenezwa kiwandani, yakaletwa na kuinuliwa kwa winchi. Kitongoji cha Römerstadt kilijengwa juu ya bonde la mto Nidda. May hakujenga katika bonde lenyewe. Aliliacha kuwa bustani na majani, ili watu wa pande zote wapate mahali pa kutembea na kulima mboga. Naomba msomaji alikumbuke bonde hili, maana nitalirudia.

Lakini ajabu ya Frankfurt haikuwa wingi wa nyumba peke yake. Ilikuwa namna walivyofikiri kabla ya kujenga. May alikusanya wasaidizi hodari, na miongoni mwao alikuwa mwanamke kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 mama huyu alichora jiko lililokuja kuitwa jiko la Frankfurt. Upana wake ulikuwa kama mita 1.9 na urefu wake kama mita 3.4. Alichunguza jinsi wapishi wa magari ya moshi wanavyopika chakula cha watu wengi katika nafasi finyu, akahesabu na hatua za mwanamke anayepika nyumbani: kutoka penye maji hadi penye moto, kutoka penye moto hadi mezani. Kisha akapanga kila kitu karibu na mkono, pamoja na visanduku vya alumini vya kuwekea mchele, sukari na unga. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt. Hayakukosa lawama. Wako waliosema kwamba yanamtosha mtu mmoja tu na kumtenga mpishi na jamaa zake. Lakini kabla ya hapo ni wasanifu wangapi waliokuwa wamezihesabu hatua za mwanamke wa mfanyakazi?

Wakati huo huo msanifu mwingine katika nchi ile, Alexander Klein, alikuwa na njia yake ya kulinganisha ramani. Alichora juu ya ramani ya nyumba mistari ya nyayo za wenyeji wake, wakitoka kitandani, wakienda kuoga, wakienda jikoni. Ramani mbaya ilionekana mara moja, kwa kuwa mistari ilipishana kama uzi uliotatizika. Katika ramani nzuri mistari ilikuwa michache na mifupi. Ilitosha kuziweka ramani mbili pamoja, na hata asiyejua kazi ya majenzi aliweza kuamua.

Basi mwezi wa Oktoba mwaka 1929 wasanifu wa nchi nyingi walikutana Frankfurt, na May ndiye aliyekuwa mwenyeji wao. Mkutano ulikuwa na neno moja la kujadili: nyumba ya mtu wa mshahara mdogo inaweza kuwa ndogo kiasi gani bila kumharibia afya na utu wake? Kwa ajili ya mkutano huo yalifanywa maonyesho ya ramani za nyumba kutoka miji mingi. Ramani zote zilichorwa upya kwa kipimo kimoja na kwa namna moja ya mistari. Hakukuwa na picha za kupendeza wala mapambo. Nyumba ya mji huu ilisimama kando ya nyumba ya mji ule, na chini yake mita zake za mraba. Maonyesho hayo baadaye yalisafirishwa kutoka mji hadi mji.

Nilipolisoma jambo hili niliukumbuka mlango wangu wa aibu. May na wenzake walikuwa wamelielewa lile nililolikosa mimi: kabla ya kulinganisha ramani ya mtu na ya mwenzake, sharti kwanza kipimo kiwe kimoja. Bila hivyo macho hudanganyika, na mjenzi mwenye hila aweza kuonyesha kibanda kama jumba.

Sipendi kumsifu May kupita ukweli. Nyumba zake, ingawa zilikuwa ndogo, kodi yake iliwashinda wengi waliokuwa maskini kabisa. Na mwisho wa mwaka ule ule wa 1929 biashara ya dunia ilianguka, fedha za kujengea zikaanza kukauka.

Mwaka 1930 May aliondoka Frankfurt pamoja na kikundi cha wasaidizi wake, wakaenda Urusi. Serikali ya huko ilikuwa ikijenga miji mipya ya viwanda, na mmojawapo ni Magnitogorsk, karibu na milima ya Ural, penye kiwanda kikubwa cha chuma. May alitumaini kujenga miji mizima kutoka mwanzo. Alipofika alikuta kazi zimekwisha kuanzwa kabla ya ramani yake kukamilika. Vifaa vilikosekana, amri zilibadilika mara kwa mara, na mji uliozaliwa haukufanana sana na ule uliokuwa katika karatasi. Baada ya miaka mitatu hivi alikata tamaa. Lakini angekwenda wapi? Mwaka 1933 Hitler alikuwa ameshika utawala wa Ujerumani, na watu wa fikira kama za May walichukiwa huko. Hakuweza kurudi kwao.

Hivyo ndivyo msanifu huyu mashuhuri alivyofika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1934 alishuka Tanganyika pamoja na mkewe Ilse na wana wao wawili, wakanunua shamba karibu na Arusha. Mtu aliyekuwa ameamuru majenzi ya mji mkubwa sasa alikuwa mkulima. Baada ya miaka mitatu aliona kwamba kazi yake ni kalamu wala si jembe. Mwaka 1937 alihamia Nairobi, akafungua afisi ya usanifu, akajenga na nyumba yake mwenyewe huko Karen.

Vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui, ingawa alikuwa amemkimbia Hitler. Alitiwa kizuizini kwa muda wa miaka kama miwili. Hebu tufikiri kidogo juu ya hali yake. Alikuwa amefukuzwa na kwao kwa ajili ya fikira zake, kisha akafungwa na wengine kwa ajili ya kwao. Alikuwa amepimwa kwa kipimo cha taifa lake, wala si kwa matendo yake. Mtu wa namna hiyo tungemtazamia kuwa mwangalifu sana siku atakapopewa yeye kazi ya kuwapima watu wengine.

Siku hiyo ilifika mwaka 1945. Serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kuchora ramani ya kuutanua mji wa Kampala upande wa mashariki, katika vilima vya Kololo na Naguru. Taarifa yake ilipigwa chapa mwaka 1947.

Ili tuielewe kazi hiyo yafaa tuukumbuke mji ulivyokuwa. Kampala ilikuwa kama miji miwili iliyokaa pamoja. Upande mmoja ulikuwa Mengo, makao ya Kabaka, na kibuga chake kilichozunguka vilima, ambamo Waafrika wengi walikaa. Upande wa pili ulikuwa mji wa serikali, wenye Nakasero na maduka yake. Kabla ya vita ya kwanza alikuwa amekuja Afrika ya Mashariki mganga mmoja, Profesa Simpson, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza afya ya miji. Yeye alishauri kwamba makao ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika yatengane, na katikati paachwe nafasi tupu. Hoja yake ilikuwa magonjwa. Kwa hiyo May hakuuanzisha utengano huo. Aliukuta, na wakubwa waliompa kazi waliutaka.

Sasa tuitazame ramani yake. Ukimjua May wa Frankfurt utaitambua kalamu yake mara moja. Barabara za Kololo hazikupigwa moja kwa moja kama mistari ya daftari. Zinakizunguka kilima zikifuata mwinuko wake, jinsi mbuzi apandavyo mlima bila kuchoka. Makao yamegawanywa kuwa vitongoji, na kila kitongoji kina mahali pake pa kukutania. Mabonde yameachwa wazi. Ni mafundisho ya Unwin yale yale, na Römerstadt ile ile, iliyoletwa penye udongo mwekundu na migomba.

Lakini tufanye kama mwalimu wetu anavyotufundisha. Tuichukue ramani ya Frankfurt, tuilaze chini, na juu yake tulaze ramani ya Kampala. Mistari mingi inapatana. Kilima kinaangukia juu ya kilima, kitongoji juu ya kitongoji, bonde juu ya bonde. Tutazame basi pale isipopatana.

Huko Frankfurt bonde la Nidda liliachwa ili watu wakutane. Hapa bonde la Lugogo, lililo kati ya Kololo na Naguru, liliwatenga watu. Maana katika ramani ya 1947 kila taifa lilipewa upande wake: Waafrika upande wa Naguru, Wahindi na Wazungu upande wa Kololo. Karatasini mabonde hayo mawili yanafanana kabisa. Yote mawili yamepakwa rangi ya kijani. Ila moja lilikuwa uwanja wa watu wote, na la pili lilikuwa mpaka.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Frankfurt, May aliuliza mtu anahitaji nini: hewa kiasi gani, jua kiasi gani, hatua ngapi za kwenda jikoni. Jibu lilikuwa moja kwa kila mwili wa binadamu. Kampala aliuliza kwanza ni mtu wa namna gani. Katika taarifa yake aliona kwamba Mwafrika anapaswa kuinuliwa ngazi kwa ngazi katika ustaarabu, na makao yake yafuate ngazi aliyofikia. Katika miaka hiyo hiyo alibuni pia nyumba ya mabamba ya zege yaliyopinda, yanayoning'inizwa kwa kulabu, ukuta na paa vikiwa kitu kimoja. Umbo lake lilikumbusha kibanda cha duara. Nadhani alitaka kutuheshimu kwa kufuata umbo tulilolizoea, na huenda nia yake ilikuwa njema. Lakini Wajerumani maskini hakuwapa vibanda vya mababu zao ati ndivyo walivyozoea. Aliwapa jiko jipya, bafu na madirisha mapana, akaamini kwamba watajifunza kuyatumia, nao walijifunza. Nyumba za kulabu hazikuenea.

Hapo ndipo kosa lake linapofanana na langu. Alitumia vipimo viwili, kimoja kwa watu wa kwao na kingine kwa watu wa hapa. Na ramani yake, kama yangu, ilikuwa nzuri kwa macho. Mimi nilikuwa na mlango wa kunisahihisha. Yeye pia alikuwa nao, yaani mwili wa mtu aliyekuwa akipita mbele yake kila siku, mwenye urefu ule ule na uchovu ule ule wa jioni. Hakuweka kidole chake hapo.

Tofauti ya tatu haionekani mpaka uilaze ramani ya Kololo na Naguru juu ya mji mzima. Hapo utaona sehemu kubwa ya mji imebaki bila mstari hata mmoja wa kalamu yake: Katwe, Kisenyi, Mengo yote. May hakuagizwa kuchora huko. Lakini huko ndiko watu walikokaa, na huko ndiko waliokuja kutafuta kazi walikozidi kujenga, chumba kando ya chumba, kama walivyoweza. Ramani huonyesha pia kwa kunyamaza.

Ramani ile haikutekelezwa yote. Sehemu ilifuatwa, sehemu iliachwa. May aliendelea na kazi nyingi katika nchi zetu. Huko Moshi alichora jengo kubwa la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU. Kisumu alichora shule ya wasichana ya Aga Khan, na Mombasa Hoteli ya Oceanic. Hapa Kampala alituachia jumba la makumbusho la Uganda, lililo katika barabara ya Kira, ambalo lilifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo vitu vya makumbusho, vilivyoanza kukusanywa mwaka 1908, vilikuwa vimewekwa katika ngome ya zamani ya Lugard huko Old Kampala, kisha Makerere. May aliwajengea ngoma zetu na mikuki yetu nyumba ndefu yenye utulivu, inayopata mwanga na upepo wa asili. Mwenzetu ambaye hajaingia humo na aende, na atazame kuta kabla ya kutazama vitu. Karibu na mwaka 2011 palikuwa na shauri la kulibomoa jumba hilo ili pajengwe jengo refu la biashara. Watu wenye kuthamini mambo ya kale walipinga, hata wakaenda mahakamani. Jumba bado limesimama.

Mwishoni mwa 1953 May aliiaga Afrika baada ya miaka karibu ishirini. Alirudi Ujerumani, ambako mabomu ya vita yalikuwa yameharibu miji mingi, akakaa Hamburg, akasaidia kupanga makao mapya ya maelfu ya watu. Kati ya hayo kimo kitongoji kikubwa cha Neue Vahr katika mji wa Bremen. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba, 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Na mji wetu je? Tarehe 9 Oktoba, 1962, bendera ya Uganda ilipandishwa Kololo, kwenye kilima kile kile ambacho ramani ya 1947 haikumpa Mwafrika. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilitanuliwa, Mengo na vitongoji vyake vikaingizwa ndani, na ile miji miwili ikawa mmoja. Sheria ya kumtenga mtu kwa rangi haipo tena. Upande wa Naguru nyumba za wafanyakazi zilizojengwa wakati wa ukoloni zilidumu miaka mingi, hadi wapangaji walipoondolewa mwaka 2011 na nyumba zikabomolewa.

Lakini, wasomaji wapenzi, jioni moja nilifanya jaribio. Nilichukua picha ya Kampala ya leo iliyopigwa kutoka angani, nikazilaza pamoja Kololo na kitongoji kimoja cha bondeni, safari hii kwa kipimo kimoja kabisa. Nilihakikisha mara tatu. Katika nafasi iliyochukuliwa na nyumba moja ya kilimani pamoja na bustani yake, niliweza kuhesabu mapaa 31 ya kule bondeni. Sikuona rangi ya mtu yeyote katika picha ile. Niliona mapaa tu. Fedha imeushika mpaka ule ule uliokuwa umeshikwa na rangi, na mvua ikinyesha maji hushuka kutoka kilimani kwenda bondeni kama kawaida yake.

Simhukumu Ernst May kama adui. Alikuwa fundi mkubwa, aliyewahurumia maskini wa kwao wakati wasanifu wengi walipojenga majumba ya wakubwa. Alionja ukimbizi na kizuizi, akafanya kazi kwa bidii mpaka uzeeni. Kosa lake halikutoka katika mkono usiojua kuchora. Lilitoka katika kuwaza kwamba watu wengine hupimwa kwa rula nyingine. Kosa hilo si la Wazungu peke yao. Hata mimi nililifanya, katika mji wangu mwenyewe, tena juu ya nyumba ya jirani yangu.

Kati yetu tunaomaliza mwaka huu wako watakaokuwa wasanifu, wako watakaokuwa mainjinia na madiwani, na wako watakaojenga vyumba vya kupangisha. Ninyi ndugu zetu wakubwa wengine mmekwisha kuzishika kazi hizo. Ombi langu kwenu na kwangu ni dogo. Siku tutakapoweka mezani ramani ya nyumba yetu na ramani ya nyumba ya mtu tunayemjengea, tusikimbilie kuzisifu. Tutazame kwanza pembeni mwa karatasi, palipoandikwa kipimo. Kisha tuweke kidole juu ya mlango.